Kapu Lililofunikwa: kisa cha kaya moja ya Ugogo katika miaka ya kufunga mkanda

Mtu akiacha kuja kwenye sala wakati wa njaa, wenzake husema imani yake imepoa. Kwa maoni yetu, mara nyingi kilichomtoa ni aibu. Na aibu ya aina hii inahesabika: shilingi ngapi, kilo ngapi, saa ngapi ya siku. Kwa kuwa inahesabika, jumuiya anayosali nayo inaweza kuiondoa, ikiwa itakubali kukaa chini na kuhesabu.

Kaya tunayoichambua ni ya mfano. Tumeijenga kwa hali zilizokuwa za kawaida katika vijiji vya Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, kati ya Novemba 1983 na Juni 1984, na hakuna mtu halisi anayesemwa humu. Mambo ya nchi na miaka yake ni ya kweli. Hesabu za chakula ni zile ambazo kaya yoyote ya ukubwa huo ingezipata.

Kwanza nchi yenyewe, Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita ilipokwisha 1979 hazina ilikuwa tupu na bei ya mafuta duniani imepanda mno. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Ikapita, ikaja mingine. Kufikia 1983 sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo viligawiwa kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi, tena pale vilipofika. Watu walifulia majani ya mpapai. Betri za redio zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari moja. Mwaka huohuo ukaanza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na ikaja kodi ya maendeleo, iliyotakiwa kwa fedha taslimu.

Ugogo una shida yake juu ya hiyo. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na katikati yake hukatika. Mavuno ni Mei na Juni. Maana yake, ghala huisha katika miezi ileile ambayo jembe linadai nguvu nyingi kuliko wakati wowote.

Ghala liliishaje

Kaya ina watu saba: baba, mama, bibi mzaa baba, kijana wa miaka 15 aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa, na watoto watatu wa miaka 11, 7 na 3. Mtu mzima anahitaji kama nusu kilo ya nafaka kwa siku, na kijana wa miaka 15 anakula kama mtu mzima. Mtoto mdogo mpe robo kilo. Jumla ni kilo mbili na robo tatu kwa siku, yaani zaidi kidogo ya kilo 80 kwa mwezi.

Mavuno ya 1983 yalikuwa magunia saba ya kilo mia moja, uwele mwingi na mtama kidogo. Mawili yaliuzwa kupata fedha za kodi na vitenge viwili. Moja lilikwenda kwenye pombe ya sherehe ya ndugu. Watu hulaumu sana hilo gunia la pombe, lakini sisi hatulaumu haraka. Asiyechangia sherehe za wenzake, na zake hazitachangiwa. Yakabaki manne, yaani kilo 400. Gawa kwa mbili na robo tatu, unapata siku 145. Ukianza kuhesabu tarehe 1 Julai, kilindo, chombo cha kuhifadhia nafaka, kinakauka karibu tarehe 22 Novemba.

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka ule ilikuwa tarehe 27 Novemba. Kaya iliingia Majilio kilindo kikiwa kimefagiliwa hadi chini.

Kilichofuata wenyeji wanakiita kuhemea. Mama alikwenda kwao akarudi na debe moja na nusu. Baba akaanza kulima vibarua. Katikati ya Desemba akaenda kwa mzee mmoja mwenye akiba, akachukua gunia moja kwa ahadi ya kurudisha mawili wakati wa mavuno. Gunia hilo lilikuwa siku 36. Mzee huyo alikuwa mjumbe wa jumuiya yao ya kusalia.

Krismasi baba hakuonekana kanisani. Jumapili iliyofuata hakuonekana pia, wala kwenye sala za jumuiya siku ya Alhamisi. Mama na bibi waliendelea kuja. Maneno yakaanza kuzunguka kisimani kwamba ameenda kwa waganga wa mvua.

Mambo yaliyomtoa

Tukiyapanga kwa uzito, la kwanza ni mnada. Vijijini Dodoma sadaka ya mazao hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada: kuku, mayai, bakuli la karanga. Ni desturi nzuri wakati wa shibe, watu hucheka na kupandishiana bei. Wakati wa njaa mnada huonyesha uso kwa uso nani ana shilingi na nani hana. Baba aliyekuwa akinunua kuku wa sadaka kila mwezi wa saba, Desemba husimama na mikono mfukoni, na watoto wake wanamwona.

La pili ni mdai wake. Kila akiingia kwenye sala anakaa mkeka mmoja na mtu atakayempa magunia mawili. Hakuna aliyelijua hili isipokuwa wao wawili, na ndiyo maana hakuna aliyelifikiria.

La tatu ni shati. Alikuwa na moja la kutokea, na mgongo wake ulikuwa umeisha. La nne ni saa: sala za Alhamisi zilikuwa saa mbili usiku, zikisomwa kwa koroboi, na mafuta ya taa yalitoka kwa zamu ya kila kaya. Zamu yake ilikuwa imefika.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu shaka juu ya Mungu. Nyumbani alikuwa akisali na wanawe kila usiku gizani, bila koroboi.

Wageni watano

Jumapili tarehe 15 Januari, saa tisa alasiri, wanaume watano wa jumuiya walipiga hodi. Nia yao ilikuwa njema. Walikuja kumrudisha ndugu.

Mama alikuwa na unga wa kilo moja na robo, chakula cha jioni cha watu saba, tayari ukiwa nusu ya kinachotakiwa. Kwa Mgogo, kama kwa majirani zake, mgeni haondoki bila kutia kitu mdomoni. Aliinua kifuniko cha chungu, akautazama unga, akakifunika. Akainua tena. Kisha akasonga ugali wote na kuutoa na mlenda. Wageni nao walitoka kwenye nyumba zenye njaa, hivyo walikula, na mkono hauna macho. Mtoto wa miaka mitatu alisimama akishika mwimo wa mlango akifuata kila tonge kwa macho hadi sahani ikawa nyeupe. Baada ya kunawa, mwenyekiti akaanza maonyo juu ya wanaorudi nyuma. Baba aliitikia "ndiyo, mzee" kila sentensi. Usiku ule watoto walilala na maji ya moto yenye ubuyu.

Ziara ile ilimsukuma mbali zaidi, na si kwa sababu ya maneno. Makosa yake yanaweza kuandikwa: saa ya chakula badala ya saa ya kazi, watu watano badala ya wawili, mikono mitupu, na mdai kati yao. Wangeyajua hayo manne kabla ya kutoka nyumbani, ziara ileile ingekuwa na sura nyingine.

Mbegu juu ya meko

Lazima turudi nyuma wiki mbili, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki lilifanyika ndani ya nyumba, bila jumuiya.

Kaya ilikuwa na ekari nne, tatu za uwele na moja ya mtama. Uwele unakula mbegu kilo mbili kwa ekari, mtama kilo nne. Jumla kilo kumi. Walipanda mapema Desemba, mvua ikakatika, miche ikakauka. Ilibidi kurudia. Mbegu iliyobaki ilikuwa masuke yaliyoning'inizwa juu ya meko, meusi kwa moshi unaofukuza wadudu, ambayo yakipurwa yangetoa kama kilo 12.

Baba alitaka yashushwe yapikwe. Hesabu ya tumbo ilikuwa upande wake: watoto wana njaa leo. Bibi akakaa chini ya meko na kukataa kuondoka. "Hii si yako wala yangu," alimwambia. "Ni ya mwakani."

Kilo 12 kwa kaya ile ni chakula cha siku nne na kidogo. Kwa kuyala masuke yale wangenunua siku nne na kulipa mwaka mzima. Wengi hudhani mbegu ni akiba kubwa ndiyo maana wanaijaribu. Ikipimwa hadharani, mbele ya kila mtu wa nyumba, ikagawiwa kwa siku, udogo wake wenyewe huilinda. Wiki ya kwanza ya Januari mvua ikarudi, wakapanda tena.

Bibi huyohuyo alikuwa na tabia moja ya hatari: kusema "nimeshiba" kila sahani inapofika kwake. Anayegawa chakula katika nyumba yenye njaa asimuulize mzee kama ameshiba. Ampimie, amwekee mbele, akae hadi ale. Na mtoto wa miaka mitatu apewe uji mara tatu kwa siku, kidogokidogo, kabla ya wakubwa kugusa chochote. Miguu yake ikianza kuvimba au nywele kubadilika rangi, huo ni utapiamlo, na safari ni ya zahanati siku hiyohiyo.

Ziara ya pili

Jumanne tarehe 24 Januari, saa moja asubuhi, katekista, ambaye kijijini anaitwa Mwalimu, alifika shambani na akina mama wawili. Kila mmoja ana jembe. Hawakuingia nyumbani. Walipalilia hadi saa nne, wakaondoka kabla jua halijawa kali na kabla mtu yeyote hajajiona anadaiwa kupika. Kuhusu kuhudhuria sala hawakusema neno. Wakati wa kuaga Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Baba, kwa wiki unalima vibarua siku ngapi?"

Jibu lilikuwa nne. Kibarua kililipa kama kilo mbili za nafaka kwa siku, pungufu ya mlo wa siku moja. Siku hizo nne shamba lake lilikuwa likimezwa na magugu. Palizi ya kwanza ya uwele haingoji: ndani ya wiki tatu baada ya kuota, la sivyo magugu yanakunywa unyevu wote. Ekari moja kwa jembe la mkono ni kama siku tisa za mtu mmoja. Huu ndio mtego wa njaa vijijini: anayelima kwa mwingine ili ale leo anapanda njaa ya mwakani.

Jumuiya ilikuwa na kaya 14. Mwalimu aliwaita akina mama, akaacha wazee kwanza, na sisi tunaona alifanya vyema, kwa sababu wao ndio wanaoshika bakuli. Kaya nane, mojawapo ya jirani Mwislamu aliyesikia na kutaka kuingia, zilikubali kutoa bakuli mbili za nusu kilo kila Jumamosi. Hiyo ni kilo nane kwa wiki. Kaya zilizolemewa kabisa zilikuwa tatu. Kaya yetu ikapata kilo tatu, nyingine mbili na nusu kila moja.

Tuseme ukweli juu ya kilo tatu. Ni mlo wa siku moja. Hazilishi kaya. Zilichofanya ni kununua Alhamisi: siku hiyo baba na mama hawakwenda kibarua, walikwenda kwao. Kwa wiki saba za palizi hizo ni siku 14 za mtu, sawa na ekari moja na nusu iliyookolewa. Misaada mingi ya makanisa hufa wiki ya tatu kwa sababu imeanzishwa kwa nia ya kushibisha, watoaji wanaona haishibishi, wanakata tamaa. Iwekwe tangu mwanzo kwa lengo dogo linaloonekana, nayo itadumu.

Utoaji ulifanyika hivi. Kapu kubwa lenye mdomo mpana lilifunikwa kwa kipande cha kaniki na kuwekwa mlangoni kwa mama mmoja. Anayetoa anaingiza mkono na bakuli chini ya kitambaa, anatoka. Anayepokea anafanya vivyo hivyo jioni, kwa kipimo kilichokubaliwa. Asiye na kitu naye anaingiza mkono mtupu, na hakuna anayejua. Orodha ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, haikuandikwa. Kapu hilohilo likahamia kanisani badala ya mnada hadi mavuno. Kulikuwa na malalamiko kwamba fedha ya kanisa imeshuka, na ilishuka kweli.

Sala za jumuiya zikahamishwa kutoka saa mbili usiku kwenda saa kumi na mbili jioni, kisimani, ambako watu wapo tayari na ndoo zao. Kutoka saa nzima hadi robo saa. Koroboi ikastaafu. Wapo waliosema huku ni kuipunguza ibada. Tunawaelewa, lakini mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri akiwa na kilo robo tumboni hana saa nzima ya kutoa.

Kwaresima

Jumatano ya Majivu 1984 ilikuwa tarehe 7 Machi, katikati ya miezi myembamba. Baadhi ya wazee walitaka novena, yaani sala za siku tisa, ya kuomba mvua pamoja na kufunga siku zote tisa. Mwalimu alikataa, naye alikuwa na msingi. Sheria mpya za Kanisa Katoliki, zilizoanza kutumika 27 Novemba 1983, ziliweka saumu siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na mafundisho ya tangu zamani yanawasamehe maskini wasio na chakula, wagonjwa na wenye kazi nzito. Aliwaambia kwamba njaa si saumu, kwa kuwa saumu ni ya aliye na chakula akakiacha. Novena ikasaliwa bila kufunga. Anayetaka kujinyima akaambiwa atoe asubuhi moja ya jembe kwa mgonjwa.

Wakati huo mboga za mvua zilikuwa zimejaa: mlenda, mgagani, mchicha wa porini. Kwa mboga nyingi kaya iliweza kushusha nafaka hadi kilo moja na nusu kwa siku bila watoto kudhoofika zaidi.

Alhamisi tarehe 12 Aprili ikaja habari kwamba Sokoine, akitoka Dodoma bungeni kwenda Dar es Salaam, amefariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Watu walikusanyika kwenye redio moja yenye betri hai wakamsikia Nyerere mwenyewe akitangaza. Jioni ile kisimani baba alikuja. Hakuitwa. Alisimama nyuma, jembe begani, shati lake lilelile likiwa limefunikwa na kaniki ya mkewe. Mwalimu alimpa sala ya marehemu aiongoze, kama vile hakukosa siku. Hakuna aliyemkaribisha tena, na hilo lilikuwa ukaribisho wenyewe.

Deni

Suala la magunia mawili Mwalimu alilipeleka kwa mdai usiku, peke yake. Mzee alikuwa na hoja, na haifai kupuuzwa: gunia la Desemba kwa bei ya walanguzi lilikuwa na thamani ya mawili ya Juni, na yeye pia ana watu wa kulisha. Mwalimu hakumwita mnyonyaji. Alimwambia tu kuwa mtu mmoja wa jumuiya ameacha kusali kwa sababu ya mkeka wanaoukalia pamoja. Mzee alinyamaza wiki tatu. Mwezi Mei, uwele ulipoanza kuinamisha vichwa, alituma ujumbe kwamba atapokea gunia moja na nusu.

Mavuno yalikuwa magunia sita na nusu, ukiacha masuke ya mbegu yaliyorudi juu ya meko. Deni likalipwa, yakabaki matano. Kodi ililipwa kwa fedha ya karanga, na pombe haikupikwa. Juni ileile bajeti ya serikali ikaondoa ruzuku ya sembe na kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa; sabuni zikaanza kuonekana madukani, kwa bei ambayo kijijini ilikuwa habari ya kusimuliana tu.

Kuna hesabu moja ambayo jumuiya haikuifanya. Mwishoni mwa Februari kijana wa miaka 15 aliondoka kwenda Dodoma mjini kubeba mizigo stesheni, wakati ambao sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilikuwa ikiwasaka wasio na kazi mijini na kuwarudisha mashambani. Alikuwa hajala chakula cha mchana kwa wiki nne akimwachia mdogo wake. Aliaga kwa mama tu. Kwenye kapu alionekana kama nafuu: nusu kilo imepungua kwa siku. Hakuna aliyemtafuta, wala jina lake halikutajwa kisimani.

Magunia matano ni kilo 500. Yakigawiwa kwa watu saba yanafika mwisho wa Desemba. Yakigawiwa kwa watu sita yanafika mwanzoni mwa Februari 1985. Tarehe 1 Julai, mama alipopima bakuli la kwanza kutoka kilindo, alipima la watu sita.